Wao Mara Moja kwa Wiki, Sisi Mara Thelathini na Tano

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.



Kila mara klabu mojawapo ya zile ziitwazo klabu za huduma, kama Rotary au Lions, inapoweka kambi ya macho katika mji wetu, au inapochimba kisima katika kijiji jirani, mazungumzo ya baraza zetu baada ya swala ya Isha huwa ni yale yale. Huyu atasema hao ni Freemason. Yule atasema wana siri zao. Wa tatu atasema wanatafuta roho za watu kwa kisingizio cha dawa. Kisha kahawa humalizika, kila mmoja hushika njia ya kwake, na mgonjwa aliyekuwa akisemewa hubaki pale pale alipokuwa.

Makala hii haikuandikwa kuzisifu klabu hizo, wala mwandishi wake si mwanachama wa yoyote kati yake. Imeandikwa kwa sababu ya mzee mmoja wa safu ya pili.

Mzee wa safu ya pili

Katika msikiti wetu alikuwapo mzee muuza kahawa, ambaye kwa miaka mingi hakuikosa swala ya Alfajiri. Macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho. Mwanzo alikuwa akishika ukuta. Baadaye akawa anashikwa mkono na mjukuu wake. Siku moja mjukuu alikuwa mgonjwa, mzee akatoka peke yake gizani, akatumbukia katika mtaro ulio hatua chache kutoka mlango wa msikiti. Tangu siku hiyo hakuonekana tena.

Wiki ya kwanza ikapita. Ikapita ya pili, na ya tatu. Mahali pake katika safu palijazwa na mtu mwingine, na jamaa ikaendelea kuswali. Katika muda huo msikiti ulikuwa ukichangisha fedha za zulia jipya, na fedha hizo zilipatikana.

Aliyekwenda kumwandikisha mzee katika kambi ya macho iliyowekwa na klabu moja katika shule ya msingi alikuwa ni yule mjukuu. Huko aliulizwa jina, umri, na anaishi na nani. Alipasuliwa jicho moja, akapewa tarehe ya kurudi, na wiki ya pili mtu wa klabu ile alifika nyumbani kwake kumtazama hali.

Mzee aliporudi msikitini amevaa miwani myeusi, mmoja wetu alimwuliza barazani, mbele ya watu: "Kumbe na wewe mzee wetu umekwenda kwa wale Freemason?" Mzee akamjibu: "Mwanangu, mimi nilikuwa kipofu, sikuziona nyuso zao. Niliyemsikia akiniita kwa jina langu ndiye niliyemfuata."

Ndugu zangu, jibu lile halina pa kukimbilia. Tangu nilipolisikia nimejiuliza swali moja, nami nawaulizeni ninyi: watu thelathini wanaokutana mara moja kwa wiki kula chakula cha mchana hotelini, wamewezaje kumjua mzee wetu kwa jina, na sisi tunaokutana mara tano kwa siku, yaani mara thelathini na tano kwa wiki, bega kwa bega, tukashindwa hata kuuliza yuko wapi?

Ni watu gani hawa?

Ili tusiseme kwa dhana, na tuwatazame kama walivyo. Rotary ilianza mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, wakati mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Jina lao lilitokana na desturi ya kuzunguka: wiki hii kikao kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Lions nayo ilianzishwa mjini humo humo mwaka 1917, na baada ya Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, kuuhutubia mkutano wao mkuu mwaka 1925 na kuwaomba wawasaidie vipofu, huduma ya macho ikawa kazi yao kubwa. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930, na kabla ya uhuru Dar es Salaam nayo ilikuwa imekwisha kuwa nayo.

Mwanzo Rotary haikuwa chama cha sadaka. Walikuwa wafanyabiashara wanaotafuta urafiki na kupeana wateja. Ilipofika mwaka 1907 ndipo walipoanza kuhimiza jambo lao la kwanza la manufaa kwa mji, nalo lilikuwa ni ujenzi wa vyoo vya umma mjini Chicago. Vyoo, ndugu zangu! Hawakuanza na mnara wala jengo la fahari. Walianza na kile ambacho mpita njia alikuwa akikihitaji. Sasa nenda katika vyoo vya misikiti mingi ya miji yetu, kisha rudi utazame mapambo ya mihrabu yake, utajua tulianza na nini.

Na kikao chao cha kila wiki kikoje? Kengele hugongwa saa iliyotangazwa, si nusu saa baadaye. Wageni hukaribishwa na kutajwa. Katibu husoma habari za waliougua, waliofiwa na waliosafiri. Aliyechelewa, au aliyepata furaha fulani, hutoa kiasi kidogo cha fedha katika kikapu. Mzungumzaji hualikwa, akapewa dakika zake. Kisha miradi hutajwa mmoja mmoja: kisima kimefikia wapi, vitabu vya shule vimefika au havijafika, nani alipewa kazi gani wiki iliyopita na ameifanya au hakuifanya. Kengele hugongwa tena, watu wakarudi kazini.

Kwa muda mrefu kanuni zao zilimtaka mwanachama ahudhurie angalau nusu ya vikao, na aliyekosa vinne mfululizo bila udhuru aliweza kuondolewa. Aliyekuwa safarini aliweza kuhudhuria katika klabu ya mji alikofikia, na mahudhurio yake yakahesabiwa. Mwaka 2016 masharti hayo yalilegezwa, klabu zikaruhusiwa kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi. Hata hivyo ziko nyingi ambazo hazikuacha kikao cha kila wiki. Hiyo ndiyo "siri" yao kubwa niliyoiona: daftari la mahudhurio.

Kuhusu fatwa

Hapa najua wapo watakaoinuka. Watasema: wewe huzijui fatwa? Nazijua. Mwaka 1985 Kamati ya Fatwa ya Al-Azhar iliwakataza Waislamu kujiunga na Freemason pamoja na klabu zinazohusishwa nao, zikiwamo Rotary na Lions. Wala si wanazuoni wetu pekee waliozitilia shaka klabu hizi. Mwishoni mwa mwaka 1950 Vatikani iliwakataza mapadri wake kujiunga na Rotary. Wenye klabu wenyewe wanakana kuwa tawi la Freemason. Sikuja kuamua kesi hiyo. Mwenye elimu na aiamue kwa elimu, na asiye na elimu na anyamaze.

Lakini nauliza: fatwa ile ilikataza nini? Ilikataza Muislamu kujiunga. Je, ilikataza Muislamu kumtembelea mgonjwa wa msikiti wake? Ilikataza jamaa kuwa na daftari la wajane na mayatima wa mtaa? Ilituamuru tukae barazani tukihesabu makosa ya wenye kufanya, na sisi tusifanye? Mtu akimkataza mwanawe kula kwa jirani, ni wajibu wake ahakikishe kwake kuna chakula. Akimkataza kule na jiko lake mwenyewe ni baridi, huyo hakumlinda mwanawe. Amemuua kwa njaa.

Tumezoea kuufanya uharamu wa kujiunga kuwa ni ruhusa ya kulala. Huu ndio ugonjwa wetu, na hakuna kambi ya macho itakayoutibu.

Uvumi uliolemaza watoto

Tusidhani kuwa maneno ya barazani hayana madhara. Mwaka 1985 Rotary ilianzisha mpango wa kuchangia chanjo ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio, na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa katika kampeni ya kuuondoa ugonjwa huo ulimwenguni. Wakati huo ugonjwa huu ulikuwa katika nchi zaidi ya 125, na ulikuwa ukilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka.

Mwaka 2003, baadhi ya viongozi wa dini na wa siasa wa kaskazini mwa Nigeria, Kano ikiwa mbele, waliisimamisha chanjo hiyo kwa uvumi kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya mabinti wa Kiislamu wawe tasa. Kano haikuirejesha hadi Julai 2004, baada ya kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini ugonjwa haukusubiri mjadala uishe. Mwaka 2005 kirusi chenye asili ya kaskazini mwa Nigeria kililemaza mamia ya watoto nchini Yemen na nchini Indonesia kwenyewe. Walipooza watoto wa nani? Watoto wa Kiislamu, waitwao Muhammad na Fatuma, ambao baba zao hawakuwahi kufika Kano wala kuusikia uvumi ule.

Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokana na kirusi cha asili cha polio, ingawa kirusi kilichotoka Pakistan kilionekana Malawi na Msumbiji, kikatangazwa mwaka 2022. Nchi mbili ambako maambukizi ya kirusi hicho hayajawahi kukatizwa ni Afghanistan na Pakistan. Zote mbili ni nchi zetu. Sisemi kuwa uvumi ndio sababu pekee. Vita na umaskini vina sehemu yao. Nasema kuwa Muislamu anayesambaza jambo asilolithibitisha, likamgharimu mtoto wa mwenzake miguu yake, ataulizwa.

Haki yao tuwape, na kosa lao tuliseme

Mwenye kudai uadilifu na aanze kuutenda. Klabu hizi zina aibu zake, wala hatuzifichi. Huingii ila uwe umealikwa. Ada na chakula cha hoteli vimemfungia mlango fundi, mvuvi na mchuuzi, hata huduma ikawa ni mwenye nacho kumshukia asiye nacho, si jirani kumwinua jirani. Hadi mwaka 1989 kanuni za Rotary hazikuwapokea wanawake. Ziko shule ambazo tangi la maji limeandikwa jina la klabu kwa herufi kubwa, na bomba lake limekauka kwa sababu hakuna aliyerudi kulitazama baada ya picha kupigwa. Na ile tabia ya kumpanga yatima mbele ya kamera akiwa ameshika mfuko wa unga, ili uso wake uonekane katika kalenda ya mwaka ujao, ni jambo ambalo dini yetu inalikataa kwa nguvu zote: masimango na ria huila sadaka kama moto unavyokula kuni.

Haya ni makosa ya kweli. Lakini ndugu msomaji, rudi nyuma kidogo. Je, katika futari za Ramadhani zinazoandaliwa na matajiri wetu hakuna kamera? Hakuna mabango? Yatima wetu hapangwi mstari akisubiri mheshimiwa afike ndipo apewe tende? Basi aibu ile tumegawana nao. Walichotuzidi ni daftari.

Hili si la kwao, ni letu

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hakuna hata jambo moja jema katika kikao kile cha kila wiki ambalo hatukuwa nalo karne nyingi kabla ya Chicago kuwa mji.

Wanauliza nani hayupo? Bwana Mtume (S.A.W.) aliuliza. Alikuwapo mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina. Alipokosekana, Mtume alimwulizia. Akaambiwa amekwisha kufa na kuzikwa. Masahaba waliliona jambo lake kuwa dogo, hawakumpa habari. Akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia. Kiongozi wa umma, mwenye wahyi na majeshi na wajumbe wa makabila, alijua kuwa mfagizi hayupo. Sisi hatukujua kuwa muuza kahawa hayupo.

Wanajenga hospitali? Sultani Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo mwaka 1284, ikaendeshwa kwa mali ya wakfu, mgonjwa akitibiwa bila kutozwa. Na hapa pwani yetu, Lamu, Mombasa na Unguja, wazee wetu waliweka wakfu visima, nyumba na mashamba kwa ajili ya maskini, wasafiri na misikiti. Mwenye kisima cha wakfu hakualikwa hotelini, na wengi wao hata majina yao hatuyajui. Ziko wapi nyumba zile leo? Nyingine zimeuzwa, nyingine zinakaliwa na wasiolipa kodi, nyingine zimegombewa hadi zikaanguka. Na hilo nalo tutasema ni kazi ya Freemason?

Na kwa wanaodhani kuwa kila jema lililofanywa na asiye Muislamu ni la kukimbiwa, wakumbuke Hilful-Fudhul. Kabla ya utume, Bwana wetu Muhammad (S.A.W.) alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an mapatano ya Makureshi ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa mjini Makka. Waliopatana walikuwa washirikina. Baada ya kupewa utume hakuyabeza mapatano yale. Alisema kuwa lau angeitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu, angeitika.

Tufanye nini?

Sitaki makala hii iishie kuwa kelele juu ya kelele. Nawaomba maimamu, kamati za misikiti na jamaa zote mambo matano, ambayo hayahitaji mfadhili wala kibali.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la jamaa yake: majina, nyumba, wajane, mayatima, wazee wasioona, na wagonjwa wa muda mrefu. Daftari hili liwe amana kwa imamu na watu wachache, si habari ya kutangazwa.

Pili, jioni moja kila wiki, baina ya Magharibi na Isha, kamati ikae na kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: nani hatujamwona wiki hii? Na atajwe mtu wa kwenda kumtazama, na wiki ijayo aulizwe kama alikwenda.

Tatu, mapato na matumizi ya msikiti yabandikwe ubaoni kila mwezi. Mtu akiiona shilingi yake ilikokwenda, atatoa ya pili.

Nne, kabla ya kuchangisha zulia, rangi au kipaza sauti kipya, daftari lifunguliwe kwanza. Ikiwa ndani yake yumo asiyeona kwa kukosa gharama ya upasuaji, zulia lisubiri. Sura ya Al-Ma'un, ambayo watoto wetu wanaihifadhi chuoni, haikuteremshwa ili ihifadhiwe tu.

Tano, anayesaidiwa asipigwe picha.

Tukiyafanya haya, hatutahitaji kubishana juu ya klabu za watu. Mwenye jiko la moto hamchungulii jirani. Na tusipoyafanya, basi angalau tuwe na haya ya kuuzuia ulimi, tusimlaumu mzee kwa kuufuata mkono uliomshika mtaroni hali mikono yetu ilikuwa imefungwa vifuani.

Yule mzee bado ana jicho la pili lisiloona. Daktari alimwambia kuwa nalo linatibika. Mwezi uliopita baadhi ya vijana wa msikiti walikaa, wakaandika jina lake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na mchango umeanza. Haujatimia. Kibweta kipo kwa imamu, na zulia lililopo bado ni zima.

Tunamwomba Allah atutakabalie machache yetu, atusamehe mengi tuliyoyaacha, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi.

Wabillahi tawfiq.